Pakiti Yenye Jina la Mtu

Sentensi ya nne katika ukurasa wa pili wa muhtasari ilisema hivi: "Asilimia tisini na sita ya dozi zetu huliwa na mtu aliyekusudiwa." Dokta Nsia Mrindoko aliifuta, na kabla hajafika ukurasa wa tatu sentensi ikarudi mahali pake. Akaifuta tena. Ikarudi tena, safari hii kwa herufi nene.

Aliinuka, akatembea hadi ofisi ya mwisho wa ukumbi, akafungua mlango bila kubisha.

"Mkurugenzi, acha kuirudisha."

Aikaeli Tesha, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya vyakula ya Pishi Tano, hakuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta yake. "Na wewe acha kuifuta. Wawekezaji wanaingia kesho. Muhtasari usio na sentensi hiyo ni kitabu cha mapishi."

"Hatujui nani amekula. Tunajua nani amefungua."

"Dole gumba lake, kifuniko chake, pakiti yake yenye jina lake. Nani mwingine atakula? Jini?"

Hapo ndipo ubishi wao ulipokuwa umekwama kwa wiki nzima. Pishi Tano ilikuwa ikiuza makande, wali wa maharage na ugali wa mtama kama kampuni nyingine yoyote, mpaka ilipoanza kuweka dawa ndani ya chakula chenyewe. Mteja alitolewa tone la damu, mtambo wa Singida ukamtengenezea pakiti zake: mwenye presha dawa ya presha, mwenye kisukari dawa ya sukari, kila punje ikiwa na kipimo chake. Kifuniko kilifunguka kwa dole gumba la mwenye jina tu. Kikishafunguka kilituma taarifa kiwandani, na taarifa hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa mtu amekula.

Wazo lilikuwa zuri, na Nsia hakuwahi kulikana. Mtu husahau kidonge, hasahau chakula. Kosa lilikuwa kwenye jaribio la mwanzo. Lilifanyika katika bweni la kampuni, washiriki wakakaa kila mmoja kwenye kichumba chake chenye meza ya kukunja, kwa sababu ilikuwa rahisi kuwasimamia. Watu waliofungiwa peke yao walikula peke yao. Kampuni ikaandika matokeo, ikashangilia, ikajenga kiwanda.

Yeye kama mkuu wa Kitengo cha Vipimo alikuwa amefanya jaribio la pili, majumbani. Kila pakiti iliwekwa chembe za utambuzi zisizo na madhara, zikiwa tofauti kwa kila mtu, na baada ya siku chache wakapima mikojo ya watu wote wa nyumba. Chembe za babu zilionekana kwa wajukuu. Za mama zilionekana kwa jirani. Katika nyumba moja, chembe za watu wanne zilikutwa kwa fundi bomba aliyekuja kutengeneza koki.

"Fundi bomba," alisema Nsia. "Alifika saa ya chakula, akaambiwa karibu."

"Fundi bomba mmoja."

"Zaidi ya nusu ya nyumba zote, Mkurugenzi. Namba unayo mezani."

"Ninyi Wapare bwana," alisema Tesha, akiegemea kiti. "Mpare atachinja ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kuku mwenyewe kashafufuka, bado uko mahakamani."

"Na Mchaga atamuuza huyo kuku mara mbili. Tuendelee na kazi?"

Tesha alicheka, kisha akaacha. "Tuliandika kwenye pakiti kwamba mtu asigawe. Kwa nyekundu."

"Umemwandikia mtu asimkaribishe mgeni. Ulitegemea asome halafu afanye nini? Amwambie mkwewe ageukie ukutani?"

"Tukaweka kifuniko kinachosema."

Nsia alifumba macho. Kifuniko kinachosema kilikuwa kikitamka, kila kilipofunguliwa, kwa sauti ya kike iliyo wazi: "Chakula hiki ni chako peke yako." Ndani ya mwezi mmoja watu walijifunza kukifungulia ndani ya ndoo, au chini ya mto, wageni wasisikie. Mzee mmoja wa Manyoni alikirudisha kiwandani na ujumbe kwamba hajawahi kutukanwa na ugali.

"Nataka mambo matatu," alisema Nsia. "Sentensi itoke. Nyumba zenye watoto na wajawazito zijulishwe. Barua yao iko kwa wanasheria tangu juzi, bado wanatafuta neno la upole zaidi ya 'hatari'. Na dawa itolewe kwenye chakula, iwekwe kando."

"Iwekwe kando. Yaani kidonge."

"Kidonge."

"Nsia." Tesha aliweka viganja vyote viwili mezani. "Wagonjwa wa kiharusi mkoa huu wamepungua kwa theluthi tangu tuanze. Namba hiyo ulithibitisha wewe. Ni ya uongo?"

"Ni ya kweli."

"Hata kwa kugawana, hata na fundi bomba wako, watu wengi wanapona. Ukitoa sentensi, mfuko wa wastaafu hauleti mtaji, na mikoa minne inayofuata haifikiwi. Same imo. Baba yako yuko wapi?"

Baba yake alikuwa Same. Mwaka uliopita upande wake wa kushoto ulilegea kwa siku mbili, ukarudi, ila mguu ukabaki mzito. Vidonge vyake vilikaa kwenye kopo la majani ya chai, vimejaa kama vilivyonunuliwa. Tesha alijua, kwa sababu Nsia mwenyewe ndiye aliyemwomba jina la mzee liwekwe juu kwenye orodha ya Same.

"Sikutishi," alisema Tesha kwa sauti ya chini. "Nataka tu na huyo umweke kwenye mzani. Nenda na Semeni mkapige picha ya familia kwa ajili ya ukurasa wa mbele. Uone kwa macho. Nyumba moja ikila kama tulivyoandika, niachie sentensi yangu."

"Nyumba moja si kipimo."

"Kwangu inatosha."

*

Semeni Mbaruku alikuwa afisa mawasiliano, binti wa Tanga, mwenye mimba ya miezi mitano na maneno ya kutosha watu wawili. Njia nzima hadi mtaa wa Mandewa alimweleza Nsia jinsi mimba inavyomfanya atamani udongo wa kichuguu, na jinsi mumewe alivyouficha.

Nyumba ya Mzee Ntandu ilikuwa imefagiliwa kwa ajili yao. Mzee alikuwa na presha, mkewe kisukari, na mjukuu wao Nchaina, binti wa darasa la pili, alipata pakiti ya kawaida isiyo na dawa. Waliamkiana, wakaketishwa, Semeni akapanga familia mezani dirishani. Kila mmoja aliweka dole lake, vifuniko vikafunguka pamoja kwa mlio mdogo, mvuke ukapanda, kila mmoja akachota kijiko kutoka pakiti yake akatabasamu. Nsia alisimama nyuma ya kamera akiwatazama. Ilikuwa sawasawa na muhtasari ulivyosema.

"Tumemaliza," alisema Semeni. "Asanteni sana, imetoka nzuri."

"Haya," alisema Mama Ntandu, akajifuta mikono. "Kazi ya watu imekwisha. Sasa tule."

Akatoa sinia kabatini. Akamimina pakiti ya mumewe, yake na ya mtoto, akachanganya kwa mwiko, akasawazisha juu. Pakiti tupu akazipanga moja ndani ya nyingine, maana zilifaa kuwekea mbegu. Alifanya haya yote bila kuficha na bila haraka, mbele ya mkuu wa vipimo wa kampuni iliyozitengeneza.

"Mama," alisema Nsia, "pakiti zina majina."

"Ndiyo, mwanangu. Tunayasoma." Mama alivuta kigoda. "Karibuni. Wewe mwenye mzigo, kaa hapa karibu na nyama."

Semeni alishaketi. Alikunja mkono wa shati, akanawa, akapeleka vidole kwenye upande wa sinia ambako nyama ya Mzee ilikuwa imeangukia. Nsia alimdaka kifundo cha mkono.

"Semeni, toa mkono."

"Tonge moja tu, Dada Nsia. Nitamkatalia vipi mama wa watu?"

"Toa mkono."

Mkono wa Mzee ulisimama hewani na tonge. Mama Ntandu alimtazama Nsia kama mtu aliyeona kitu kichafu kikianguka katikati ya chakula. "Mwanangu, unamnyima mjamzito? Mjamzito hanyimwi hata na adui yake. Umesoma wapi wewe?"

"Hii dawa ya Mzee, mjamzito haruhusiwi. Inaharibu figo za mtoto aliye tumboni."

"Tonge moja?"

"Tonge moja pengine halina neno. Lakini sijui ni tonge la ngapi, wala nani mwingine anapita hapa saa ya chakula." Alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. "Mama, nani mwingine anapita?"

Mama Ntandu alivuta sinia upande wake, polepole, mpaka likagusa tumbo lake. Kisha akamgeukia mjukuu, ambaye alikuwa na tonge mdomoni na hakujua kama ameze au ateme.

"Na huyu?" alisema. "Huyu anakula humu tangu masika. Mwalimu anasema mvivu, analala darasani. Juzi alianguka mstarini, tukasema ni jua."

Dawa inayoshusha presha ya mzee wa kilo themanini humshusha pia mtoto wa kilo ishirini, haichagui. Nsia alijua hesabu hiyo tangu majibu ya chembe yalipotoka. Alikuwa ameiandika vizuri, kwa safu na mistari, akaipeleka kwa wanasheria wakaitafutie maneno.

"Mpeleke zahanati leo," alisema. "Waambie wapime presha yake, waambie anakula dawa hii." Alimwandikia jina la dawa kwenye kifuniko cha pakiti. "Na kuanzia leo, pakiti ya Mzee ale Mzee."

"Ale akiwa wapi?" aliuliza Mzee Ntandu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu salamu. "Niende nikale nyuma ya choo?"

Garini, walipofika barabara ya lami, Semeni alisema, akishika tumbo, "Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi ya maelekezo. 'Usigawe.' Nimeiandika mimi mwenyewe, Dada, na nimenawa mikono."

*

Picha ilitoka nzuri kweli. Kesho yake ilikuwa ukurasa wa mbele: Mzee, Mama na Nchaina, kila mmoja na kijiko chake. Sentensi ya nne ilikuwa imehamishwa chini ya picha.

"Nyumba moja," alisema Tesha, akirekebisha tai. "Wamekula kama tulivyoandika. Picha hii hapa."

"Kwa dakika moja! Baada ya hapo walimimina kwenye sinia!"

"Baada ya hapo hatukuwa tunapiga picha. Barua za nyumba zenye watoto zitatoka Jumatatu, nimeshasaini. Umeona? Nimekusikiliza. Baada ya chakula utasimama, utasema kipimo cha ufunguzi ni sahihi. Ni sahihi au si sahihi?"

"Cha ufunguzi ni sahihi."

"Basi. Sikuombi uongo."

Ukumbi ulitazama mitambo ya upepo iliyopangwa juu ya miamba. Wawekezaji walikuwa wametolewa damu asubuhi walipofika, na kila mmoja alikuta mezani pakiti yenye jina lake. Bibi Kokushubila Rugaimukamu, mwenyekiti wa mfuko wa wastaafu, aligeuza yake huku na huku kama mtu anayekagua embe sokoni. Vidole gumba vikabonyeza, vifuniko vikafunguka, watu wakacheka kidogo. Kila mmoja akala chake. Hapakuwa na sinia. Tesha alimtazama Nsia kutoka upande wa pili wa meza, akainua nyusi.

"Utasema?" alinong'ona Semeni.

"Sijui."

Na kweli hakujua. Alikuwa amepima pande zote mbili usiku kucha, na mzani ulikuwa umegoma: upande huu theluthi ya viharusi, na mzee mmoja wa Same, upande ule mtoto aliyeanguka mstarini, na wengine ambao bado hawajahesabiwa. Angeweza kusimama na kusema jambo la kweli lililopunguzwa. Lingepita. Same ingepata pakiti zake kabla ya vuli.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamume mrefu mwenye begi begani na vumbi kwenye viatu: Bwana Ntahondi, mwakilishi wa ushirika wa wakulima wa Kigoma. Treni yake ilikuwa imesimama Tabora asubuhi nzima. Hakuwahi kutolewa damu, kwa hiyo hapakuwa na pakiti yenye jina lake. Aliomba radhi, akatafuta kiti, akaketi mbele ya meza tupu na mikono yake miwili juu yake.

Tesha alikuwa wa kwanza kuona.

"Jamani, mgeni hana chakula," alisema Tesha. "Mzee, karibu, karibu sana." Akageuza kifuniko chake kikawa sahani, akachota nusu ya wali wake akauweka humo, akampa jirani. Jirani akaongeza kijiko, nyama ikiwa juu. Kifuniko kikazunguka meza. Bibi Kokushubila akatia vijiko viwili akisema, "Kula, mwanangu, safari ndefu," na kilipofika kwa Ntahondi kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Hakuna aliyesita. Hakuna hata mmoja aliyetazama jina.

Ntahondi akachukua kijiko.

Nsia alikuwa ameshazunguka meza. Alikitoa kijiko mkononi mwake, akavuta kifuniko.

"Samahani, Mzee. Una ugonjwa wowote?"

"Sina," alisema Ntahondi. "Nina njaa."

"Humu mna dawa ya presha ya watu watatu," alisema Nsia kwa wote. "Mna ya sukari ya watu wawili, ambayo kwa mtu mwenye tumbo tupu ni hatari leo hii, si kesho. Mna ya tezi. Na mna moja nyingine ambayo sitaitaja, kwa kuwa mwenyewe yuko hapa."

Kila mtu alimtazama mwenzake, kisha pakiti yake mwenyewe.

"Nimempa mgeni chakula," alisema Tesha. Uso wake ulikuwa umeiva. "Ulitaka nifanye nini?"

"Hivyo hivyo ulivyofanya. Ningekuwa nimekaa hapo ningefanya vilevile. Ndiyo maana nimekuwa nikiifuta ile sentensi."

Bibi Kokushubila alivaa miwani, akafungua ukurasa wa mbele, akasoma maneno yaliyo chini ya picha. "Na majumbani?"

"Zaidi ya nusu ya nyumba. Waliobaki wengi ni watu wanaoishi peke yao." Akaeleza chembe, fundi bomba, mtoto. Hakuacha theluthi ya viharusi. Aliisema wazi, kwa kuwa nayo ilikuwa kweli, na akasema pia kwamba dawa ikitolewa kwenye chakula wengine wataisahau, na baadhi yao wataumia.

"Hamwezi," aliuliza kijana mmoja wa benki, "kutengeneza kifuniko kinachosema?"

Semeni alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo kwa ushungi.

Mtaji haukutoka siku ile. Mfuko ulisema utarudi chakula kitakapokuwa chakula na dawa ikawa dawa, na mikoa minne isubiri. Tesha alituma mtu kununua chipsi mayai kwa ajili ya Bwana Ntahondi, na zilipofika Ntahondi alizifungua, akasogeza mfuko wa chipsi katikati ya meza, akasema, "Karibuni." Wote wakala.

Jioni Nsia alipiga simu Same.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Umekula?"

"Nimekula. Mzee Kirika alipita na mkewe, tumekula pamoja."

"Na kidonge?"

Alisikia kuku, na redio ya mtu mbali.

"Aa. Hicho nimesahau."

"Kiko kwenye kopo la majani ya chai. Nenda kakichukue sasa hivi. Simu usikate."

"Utatumia hela yako yote, mama."

"Nenda, Baba. Nasubiri."

Akasubiri, akisikiliza mguu wa kushoto wa mzee ukiburuta sakafuni kwenda jikoni.